Maisha ya Mama Marie Curie, aliyechuja rundo la mawe



Kila mwaka wadogo zetu wa kalasi ya saba na ya nane wanalalamika kama shimi ni somo la kukamata majina kwa kichwa tu: mchanganyiko, kitu safi, elementi, kuchuja, kukausha, uzito wa atomi. Wanayaandika katika buku, wanapita mtihani, kiisha wanayasahau. Juu ya hiyo tumeona vizuri kuleta hapa maisha ya mwanamke mmoja ambaye kazi yake kubwa ilikuwa yote ndani ya maneno haya sita. Tena kuna jambo lingine linalotugusa sisi watu wa Kongo. Mawe ya namna ile aliyoyatafuta kwa shida huko Ulaya, yale yaliyo tajiri kupita yote yalikuwa yamelala katika inchi yetu, kule Katanga, na yeye hakujua.

Jina lake la kuzaliwa ni Maria Skłodowska. Alizaliwa tarehe 7 novemba 1867 katika mji wa Warsaw, inchi ya Poland. Wakati ule Poland haikuwa na serikali yake yenyewe. Warsaw ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi, na watoto walilazimishwa kusoma kwa lugha ya Warusi. Baba yake alikuwa mwalimu wa hesabu na fizika, mama yake alikuwa mkubwa wa masomo ya wasichana. Nyumbani kulikuwa na kabati ya kioo yenye vyombo vya baba vya kupimia, na mtoto alizoea kusimama mbele yake akiangalia. Mama yake alikufa na kifua kikuu wakati Maria alikuwa na miaka 10.

Mwaka 1883 alimaliza segondere na medali ya zahabu. Basi, msichana wa namna ile aende wapi? Universite ya Warsaw haikupokea wanawake. Dada yake Bronia alitaka kuwa daktari, na yeye vilevile hakuwa na njia. Feza ya baba haikutosha hata kwa mmoja. Wakapatana hivi: Bronia aende Paris kusoma, Maria abaki afanye kazi na kumtumia feza, kiisha Bronia akimaliza, atamwita mdogo wake. Maria akaingia kazi ya kulea na kufundisha watoto katika nyumba za matajiri. Alifanya hivyo miaka mingi. Saa za jioni aliwafundisha watoto wa wakulima kusoma lugha yao ya Kipoland, jambo ambalo serikali ilikataza. Tunajua katika mitaa ya Bunia dada na kaka wengi wanaolipiana masomo kwa zamu namna hii. Mapatano kama haya ni rahisi kusema na magumu kutimiza. Hao wawili walitimiza.

Mwaka 1891 Maria akapanda treni kwenda Paris, akaandikwa katika universite ya Sorbonne kwa jina la Kifaransa, Marie. Alikaa katika chumba kidogo cha juu, chenye baridi kali, na mara nyingine alikula mkate na chai tu. Mwaka 1893 akapata diploma ya fizika, naye alikuwa wa kwanza kwa wote. Mwaka 1894 akapata ya hesabu, akiwa wa pili. Mwaka 1895 akaolewa na Pierre Curie, mwalimu wa fizika, mtu mpole aliyependa kazi kuliko sifa. Mwaka 1897 wakazaa binti yao Irène.

Sasa tufike kwenye shimi.

Mwaka 1896 mtaalamu mmoja wa Paris, Henri Becquerel, aliona kama chumvi za uraniumu zinatoa miale isiyoonekana kwa macho. Miale hii inapita katika karatasi nyeusi na kuacha alama juu ya kipande cha picha. Mama Curie akachagua jambo hilo kwa kazi yake ya udaktari. Hakusema mengi, alianza kupima. Pierre na kaka yake walikuwa wametengeneza chombo cha kupima umeme mdogo sana, na miale ile inafanya hewa ipitishe umeme. Basi akaweka kila kitu alichoweza kupata chini ya chombo hicho: metali, chumvi, mawe ya kila namna. Akaona kama nguvu ya miale inafuata kiasi cha uraniumu tu. Ukitia uraniumu mara mbili, nguvu inakuwa mara mbili, hata kama imeungwa na kitu kingine, hata ikiwa ya baridi au ya moto. Akafahamu kama nguvu hii inatoka katika atomi yenyewe.

Kiisha akapima jiwe jeusi zito linaloitwa pechiblende, ambamo watu walitoa uraniumu. Likaonyesha nguvu karibu mara nne kuliko uraniumu yenyewe. Wengine wangesema chombo kimeharibika. Yeye alipima tena. Akachukua jiwe lingine la uraniumu, chalkolite, akatengeneza mwenyewe jiwe la namna ileile kwa vitu safi vya laboratware. Lile alilotengeneza lilikuwa na nguvu ndogo, na lile la kuchimbwa lilikuwa na nguvu nyingi. Kwa hiyo ndani ya jiwe la kuchimbwa kulikuwa na kitu kingine, kidogo sana, chenye nguvu sana, ambacho hakuna mtu aliyekijua.

Pierre akaacha kazi zake mwenyewe akaungana naye. Mwezi wa julai 1898 walitangaza elementi mpya, wakaiita poloniumu, kwa heshima ya Poland ambayo siku zile haikuwa hata kwenye ramani. Mwezi wa desemba mwaka uleule wakatangaza ya pili, radiumu.

Lakini angalieni vizuri, wadogo zetu. Kutangaza si kuonyesha. Watu wa shimi walisema: kama ni elementi, tuonyesheni kitu safi, mtuambie uzito wa atomi yake. Walikuwa na haki kusema hivyo. Elementi isiyo na uzito wa atomi haina pahali pa kukaa katika tablo ile tunayoitundika ukutani. Na kupata uzito huo kulimgharimu Mama Curie karibu miaka minne ya maisha yake.

Pechiblende ilikuwa na bei kali. Huko Bohemia, inchi iliyokuwa ya mfalme wa Austria, kulikuwa na mgodi wa Joachimsthal. Watu walitoa uraniumu humo kwa kutia rangi katika vioo, na mabaki waliyatupa msituni. Mabaki yale ndiyo aliyoyataka Mama Curie. Serikali ya Austria ikatoa tani ya kwanza bure, naye akalipa feza ya kuyasafirisha. Yakaja katika magunia, bado yamechanganyika na majani ya misonobari.

Pahali pa kufanyia kazi palikuwa hangari ya zamani katika uwanja wa masomo ambamo Pierre alifundisha. Zamani wanafunzi wa udaktari walikuwa wakipasua maiti humo. Paa lake la vioo lilivuja mvua, moto wa jiko moja haukutosha. Moshi mbaya ulipozidi, alitoa sufuria nje uwanjani. Alichemsha hata kilo 20 kwa mara moja, akikoroga kwa fimbo ya chuma ndefu karibu kama yeye mwenyewe. Tunaandika haya kwa wale wanaosema hawawezi kusoma shimi kwa sababu masomo yetu hayana laboratware nzuri.

Alifanya nini hasa? Tuchukue mfano wa karibu. Ngambo ya Ziwa Albert, upande wa Uganda, kuna pahali panapoitwa Kibiro. Akina mama wa pale wametengeneza chumvi kwa vizazi vingi. Wanakwangua udongo wenye chumvi, wanautia katika chombo chenye matundu, wanamwaga maji juu yake. Maji yanashuka yamebeba chumvi, udongo unabaki. Kiisha wanachemsha maji hayo mpaka yanakwisha, na chumvi inabaki chini. Kuyeyusha, kuchuja, kukausha: hiyo ndiyo njia, na haikuanzia katika vitabu vya Wazungu.

Mama Curie alifanya vilevile, lakini si kwa maji peke yake. Alichemsha mawe yaliyosagwa na magadi, akayaosha, akatia asidi, akachuja, akatenga kila metali pembeni: risasi huku, chuma huku, kalsiumu huku. Kila mara alipotenga, alipima pande zote mbili kwa kile chombo cha umeme. Upande usiokuwa na nguvu aliutupa, upande wenye nguvu aliuendelea. Mwishoni radiumu ikabaki pamoja na bariumu, na hapo ndipo palikuwa na taabu kubwa, juu hizi mbili ni kama ndugu wa tumbo moja. Ziko katika safu moja ya tablo. Asidi inayokamata moja inakamata na ya pili.

Kuna tofauti ndogo moja tu. Chumvi ya radiumu na klorini haipendi kuyeyuka sana kama ile ya bariumu. Basi aliyeyusha zote mbili katika maji ya moto mpaka maji yakashiba, akaacha yapoe. Fuwele za kwanza zinazoanguka chini zinakuwa na radiumu nyingi kidogo kuliko maji yanayobaki juu. Kidogo tu. Aliziokota fuwele hizo, akaziyeyusha tena, akaacha zipoe tena. Alirudia kazi hiyo mara nyingi sana, na kila mara kitu alichoshika kilipungua: kutoka magunia mpaka sufuria, kutoka sufuria mpaka bakuli, kutoka bakuli mpaka kikombe kidogo cha porselini. Vumbi la hangari likiangukia ndani, kazi ya siku nyingi iliharibika.

Na alijuaje kama amefika? Kwa mizani. Kalasi ya nane wachukue kalamu. Chumvi ya bariumu ina atomi 1 ya bariumu na atomi 2 za klorini. Bariumu ina uzito wa 137, klorini 35.5 mara mbili ni 71, jumla 208. Kwa hiyo katika kila miligrama 100 za chumvi hiyo, klorini ni 34 hivi. Ikiwa metali iliyoungwa na klorini ni nzito zaidi, sehemu ya klorini itakuwa ndogo. Mama Curie alipima chumvi yake kavu, akaiyeyusha, akaikamata klorini yote kwa chumvi ya feza, akaikausha na kuipima, kiisha akafanya hesabu. Mara za kwanza uzito wa atomi ulikuwa karibu na ule wa bariumu, maana yake bado ilikuwa chafu. Alivyozidi kusafisha, hesabu ilizidi kupanda. Mwaka 1902 alikuwa na desigrama moja tu ya chumvi safi, punje chache unazoweza kuzibeba juu ya ukucha. Hesabu ikasimama kwenye 225. Leo tunaandika 226. Mjaribu wenyewe: 226 na 71 ni 297, basi klorini ni 24 hivi katika 100. Miligrama 10 za tofauti, hizo ndizo zilizoipatia radiumu pahali pake katika tablo chini ya bariumu.

Usiku walikuwa wakirudi hangarini kuangalia tu, bila taa. Chupa zao zilitoa mwanga dhaifu wa kibuluu katika giza.

Mwaka 1903 Mama Curie akapata udaktari wake, na mwaka uleule akapewa zawadi ya Nobel ya fizika pamoja na Pierre na Becquerel. Walikataa kufunga njia yao ya kutoa radiumu kwa hati ya kuifanya mali yao. Waliieleza yote kwa kila aliyeuliza. Sisi tukihesabu bei ya radiumu siku zile, tunashangaa kidogo.

Tarehe 19 aprili 1906 Pierre aliteleza katika barabara ya Paris siku ya mvua, gari la farasi likamponda kichwa. Mama Curie akabaki mjane wa miaka 38 na mabinti wawili, Irène na Ève. Universite ikampa kazi ya mumewe, naye akawa mwanamke wa kwanza kufundisha Sorbonne. Mwaka 1910, pamoja na André Debierne, akatoa radiumu yenyewe ikiwa metali, bila klorini. Mwaka 1911 Baraza la wataalamu wa Ufaransa likakataa kumpokea, na magazeti yakamtukana kwa mambo ya nyumba yake. Mwaka huohuo akapewa Nobel ya pili, ya shimi. Wakati wa vita ya 1914 mpaka 1918 alipanga motokari zenye mashini za radio kwa kutafuta risasi na mifupa iliyovunjika katika miili ya askari, na binti yake Irène akafanya kazi hiyo pamoja naye.

Sasa turudi Kongo. Mwaka 1915, wakati vita ilikuwa moto Ulaya, Mwingereza mmoja anayeitwa Robert Sharp, aliyetafuta madini kwa ajili ya kampuni ya Union Minière, alikuta mawe ya rangi juu ya kilima cha Shinkolobwe, karibu na Likasi. Yalikuwa na uraniumu tajiri sana. Katika mawe mazuri ilipita nusu ya uzito. Pahali pengi pengine watu walichimba mawe yasiyofika hata sehemu 2 kwa 100. Na penye uraniumu ya zamani ardhini pana radiumu, kwa kuwa radiumu inazaliwa na uraniumu polepole: kila tani 3 za uraniumu zina grama 1 hivi. Union Minière ilianza kuchimba mwaka 1921. Wachimbaji wa Katanga walivunja mawe, wakayachagua kwa mikono, wakayatia katika magunia, yakapelekwa Ubelgiji, kwa kiwanda cha Olen. Mwisho wa mwaka 1922 radiumu ya kwanza ya Kongo ilikuwa tayari. Bei ikaanguka, na migodi ya Marekani iliyokuwa ikitoa radiumu ikafungwa.

Mwaka 1921 wanawake wa Marekani walichanga dola 100,000 ili Mama Curie, aliyegawa ujuzi wake bure, apate grama moja kwa laboratware yake. Rais Harding alimkabidhi. Mwaka 1929 alikwenda tena, Rais Hoover akampa feza ya grama ya pili. Safari hii dola 50,000 zilitosha, na grama hiyo ikanunuliwa Ubelgiji, ndiyo kusema ilitoka katika mawe ya Katanga. Hakuiweka Paris. Aliipeleka Warsaw, kwa nyumba mpya ya kutibu kansere iliyofunguliwa mwaka 1932, na aliyeisimamia nyumba hiyo alikuwa Bronia, dada yake wa yale mapatano.

Vitabu vinaandika majina ya Harding na Hoover, vinaandika na jina la Sharp. Majina ya wale waliobeba magunia Shinkolobwe hayamo. Hapo ndipo tunataka kusema neno moja juu ya hatari.

Siku za kwanza hakuna aliyefahamu. Pierre alifunga radiumu kidogo juu ya mkono wake kwa makusudi, akapata kidonda kilichochukua miezi kupona. Yeye na madaktari walifurahi, kwa sababu waliona kama kitu kinachoua nyama nzima kinaweza kuua na kansere. Mama Curie alibeba vichupa mfukoni na kuviweka katika meza yake. Ncha za vidole vyake zilikauka na kupasuka. Huko Marekani, katika miaka ya 1920, wasichana waliopaka rangi ya radiumu juu ya saa walilamba brashi ili iwe na ncha. Wengi mifupa ya mataya yao ilioza. Hata hivyo Mama Curie hakupenda kukubali kama radiumu yake ndiyo iliyomchosha. Macho yake yakaingia ukungu, akapasuliwa. Tarehe 4 julai 1934 alikufa katika hospitali ya milimani huko Ufaransa, na miaka 66. Uboho wa mifupa yake ulikuwa umeacha kutengeneza damu. Wataalamu wanafikiri miale ya mashini za radio za wakati wa vita nayo ilisaidia kumwangusha.

Tunaandika haya tukiwa Ituri, na wote tunafahamu kwa nini. Huku Kilo na Mongbwalu kuna ndugu zetu wanaokamata zahabu kwa zebaki, ile wanayoiita merkiri, kiisha wanaichoma juu ya makala, hata karibu na chakula cha watoto. Zebaki inaruka na moshi, zahabu inabaki. Ni shimi ileile ya kutenga kitu na kitu. Moshi huo hauchomi ngozi siku ileile, unaingia katika mapafu na mishipa ya fahamu polepole. Anayejua hivyo na anakaa kimya nyumbani kwao, alisomea nini?

Shinkolobwe ilikuwa na historia nyingine baada ya kifo cha Mama Curie. Uraniumu iliyokuwa ikihesabiwa kama takataka ya radiumu ikatafutwa na Wamarekani, na sehemu kubwa ya ile iliyotengeneza bomu la Hiroshima, tarehe 6 agosti 1945, ilitoka pale. Mwaka 1959 Kinshasa, katika universite ya Lovanium, iliwashwa reakta ya atomi, ya kwanza katika Afrika nzima. Mwaka 2004 serikali ilikataza kuchimba Shinkolobwe.

Mama Curie alizikwa kwanza karibu na mumewe. Mwaka 1995 wote wawili wakahamishwa mpaka Panthéon, nyumba ya wakubwa wa Ufaransa, na sanduku lake likawekewa risasi ndani. Mabuku yake ya kazi nayo yamehifadhiwa Paris katika masanduku ya risasi, kwa kuwa vidole vyake viliacha radiumu juu ya karatasi. Radiumu inahitaji miaka 1600 hivi ili nusu yake iishe. Katika kila grama 100 zilizokuwako mwaka 1902, leo zimebaki karibu 95.